Kumtwisha Kaisari mzigo

Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Ipinda kwa njia ya Masoko, utapita pembeni mwa ziwa dogo la volkano, duara kama sahani, ambalo wenyeji wanaliita Kisiba. Hadithi yake kila mtu wa huku anaijua. Wajerumani walikuwa na kambi pale juu, na mwaka 1916 walipoona Waingereza wanakuja kutoka upande wa Nyasaland, inasemekana walitumbukiza mali zao majini: dhahabu, fedha, na wapo wanaoongeza hadi magari. Aliyeishika hiyo dhahabu mimi sijawahi kumwona. Ila sarafu zipo. Mgeni akifika ziwani hakosi kuonyeshwa hela za Kijerumani, nyeusi tii, na akiwa mlegevu atauziwa kwa bei ya mgeni.

Nimesema "hela" makusudi. Neno hili tunalolitamka kila siku, "sina hela", "naomba hela ya kula", limetokana na heller, sarafu ndogo ambayo Wajerumani walianza kuitumia katika koloni lao mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, na hizo pesa nazo zilikuja na jina lao kutoka India. Kwa hiyo Mswahili akisema hana pesa wala hela, amekana fedha za mataifa mawili kwa pumzi moja. Mjerumani aliondoka, sarafu yake ikafutwa, jina likabaki mdomoni mwetu. Na kitu chenyewe, je? Kile kipande cha madini kilienda wapi?

Kingine kiko kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha shangazi yangu, Ipinda.

Kopo hilo nimelijua tangu mdogo. Ndani yake kuna senti za tundu za wakati wa Mwingereza, zile zenye pembe za ndovu pande mbili za tundu, ambazo watoto walikuwa wanafungwa kiunoni kwa uzi. Kuna senti tano za mwaka 1966 na kuendelea, za rangi ya shaba, zenye pembe kumi na mbili, upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili samaki sulisuli. Na kuna rupia moja ya fedha. Upande mmoja imeandikwa thamani yake na mwaka 1910, na herufi J ndogo ambayo ni alama ya kiwanda cha Hamburg. Upande wa pili yupo Kaisari Wilhelm wa Pili, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, masharubu yamesimama, na jina lake limezunguka kwa Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR.

Rupia hii ilikuwa ya babu mzaa babu. Inavyosimuliwa nyumbani, alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani katika vita ile ya kwanza, akarudi na rupia mbili na bega lililopinda. Moja ilitumika. Hii ya pili ilibaki, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshika nafasi, na rupia ya Kaisari haikununua tena hata chumvi. Afadhali yeye alipata fedha ya madini. Wengi walilipwa karatasi za wakati wa vita, na serikali iliyozichapa ilipoanguka, walibaki na karatasi.

Wapagazi wa vita ile hawana makaburi yanayojulikana. Walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa, kuhara na homa ya mapafu, na huwezi kwenda mahali ukasoma majina yao ukutani. Kwa ukoo wetu hakuna barua, hakuna picha, hakuna cheti. Ushahidi kwamba mtu yule alibeba mizigo ile ni maneno ya wazee na kipande hiki cha fedha chenye uzito wa gramu 11 na ushee.

Sasa shangazi anamwoza binti yake, na anataka rupia itobolewe, inakshiwe, iwe kidani. Sharti lake ni moja. "Huyu mzee wa kofia simtaki shingoni mwa mwanangu. Mtoe."

Akanipa mimi. Mimi mwandishi wa habari, ambaye kazi yangu ni kutunza ushahidi, nikaambiwa niukwangue.

Niseme kwanza kwa nini alinipa mimi. Mwaka jana nilianza kujifunza kuchonga sarafu. Nilisoma mtandaoni habari za Wamarekani walioifanya kazi hii, nikavutiwa, halafu nikagundua kwamba mwalimu ninaye sokoni Ipinda. Ni mzee mmoja anayeandika majina kwenye masufuria. Msomaji wa mjini huenda hujui umuhimu wa mtu huyu. Sisi Wanyakyusa msiba wetu si wa kunong'ona. Mtu akifa wanakuja watu mamia, wanakaa siku kadhaa, na vyombo vya kijiji kizima vinakusanywa kupikia. Msiba ukiisha, kila mama anatafuta sufuria yake katikati ya masufuria hamsini yanayofanana. Yenye jina inarudi. Isiyo na jina inaolewa kwingine. Mzee huyu ndiye anayeamua nini kinarudi nyumbani.

Kwenye sufuria anatumia msumari wa zege na nyundo ndogo, nukta kwa nukta. Lakini ujanani alichora pia majina kwenye pete na migongo ya saa, na kwa kazi hiyo ana kifaa kingine: jino la keekee lililovunjika, limesuguliwa kwenye jiwe la kunolea mpaka likawa na ncha yenye pande tatu, likachomekwa kwenye mpini wa mti unaojaa kiganjani kama yai. Hicho ndicho kichongeo. Hakigongwi, kinasukumwa.

Siku za kwanza sikugusa sarafu. Nilipewa kipande cha bomba la shaba kilichopasuliwa na kunyooshwa, nikachora mistari. Mistari tu, wiki mbili. Ukiinua mpini sana, ncha inazama na kukwama. Ukiulaza sana, ncha inateleza na kupiga mkwaruzo mrefu, na kama kidole gumba cha mkono wa pili hakipo mbele kama breki, mkwaruzo unaishia kwenye nyama. Kati ya kuzama na kuteleza kuna pembe moja nyembamba ambayo mkono unaitafuta wenyewe. Ukiipata, madini yanatoka kama uzi, yanajikunja mbele ya ncha, na unasikia sauti ndogo kama ya mtu anayechana karatasi chumba cha pili.

Kisha mikunjo. Hapa mzee alinifundisha jambo ambalo sikulitegemea: mkono unaochonga hauzunguki. Kinachozunguka ni sarafu. Unaigandisha kwenye kipande cha ubao kwa lakiri iliyoyeyushwa, mkono wa kushoto unageuza ubao polepole kuelekea ncha, na mkono wa kulia unasukuma tu. Ukitazama kwa mbali utadhani mkono wa kulia ndio fundi. Kumbe kazi ya mkunjo ni ya kushoto.

Na kunoa. Mungu wangu, kunoa. Nusu ya muda wa kujifunza kuchonga ni kunoa. Ncha ikiwa butu hata kidogo inaparura badala ya kukata, na unaijaribu kwa kuigusisha kwenye ukucha: ikinasa, kali, ikiteleza, rudi kwenye jiwe.

Sarafu yenyewe inataka kuchaguliwa. Hizi tulizo nazo mfukoni leo hazifai. Weka sumaku kwenye shilingi 500 yenye nyati uone inavyonasa: ndani ni chuma, juu ni ngozi nyembamba tu ya nikeli, ukiikata inachubuka. Isitoshe ni fedha halali ya nchi, sheria haitaki uichezee, na mimi sitafuti kesi. Senti tano ya sulisuli ndiyo rafiki wa mwanafunzi. Ni shaba iliyochanganywa, laini, na hakuna muuzaji wa maandazi atakayeipokea.

Kazi yangu ya kwanza iliyokamilika ilikuwa hiyo. Sulisuli ni samaki wa bahari, ana pua kama mkuki na pezi mgongoni kama tanga. Ipinda hatuna bahari, tuna Ziwa Nyasa. Nikamkata pua, nikampunguza tanga, nikamchongea magamba kwa ncha ya duara, akawa mbasa. Upande wa Nyerere sikugusa. Mzee alisema tu, "Mwalimu mwache," na mimi sikuwa na hoja ya kupinga.

Sasa hao Wamarekani. Kati ya mwaka 1913 na 1938 Marekani ilitengeneza sarafu ya senti tano iliyosanifiwa na mchongaji James Earle Fraser: upande mmoja uso mkubwa wa Mhindi Mwekundu, upande wa pili nyati wa kule. Uso ule ulikuwa mnene, umeinuka, umejaza sarafu karibu yote. Watu waliokuwa wanazurura na magari moshi kutafuta vibarua, wengi zaidi baada ya uchumi kuanguka mwaka 1929, wakaanza kuuchonga kwa visu na misumari. Mhindi akawa mzee wa Kizungu mwenye ndevu na kofia ya duara. Nyati akawa punda, au mtu anayetembea na furushi mgongoni. Wanaojulikana zaidi ni wawili, Bertram Wiegand na kijana aliyejifunza kwake, George Washington Hughes, ambao wenzao waliwaita Bert na Bo. Sarafu ya senti tano ikishachongwa ilibadilishwa kwa sahani ya chakula au mahali pa kulala. Leo zinauzwa kwa maelfu ya dola, jambo ambalo Bo Hughes angelisikia angecheka mpaka akohoe.

Waingereza walitangulia kwa karne nzima. Watu waliohukumiwa kupelekwa Australia walisugua peni za shaba mpaka zikawa tupu, wakachora majina, moyo, minyororo, wakawaachia mama zao na wachumba. Na pwani yetu hapa, riale za Maria Theresa, ambazo zote zimeandikwa mwaka 1780 hata kama zilitengenezwa miaka mia baadaye, ziliyeyushwa na masonara zikawa bangili. Lakini kuyeyusha ni jambo jingine. Ukiyeyusha, sarafu imekufa. Mchongaji anaiacha hai na kuibadilishia kauli.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonisumbua na ile rupia. Shangazi alitaka Kaisari atoke, na njia ya haraka ipo: tupa, msasa, saa moja, uso laini kama kioo, kisha chora ua. Wale wafungwa wa Kiingereza ndivyo walivyofanya. Lakini nikiisugua, nabaki na duara la fedha ambalo lingeweza kutoka popote. Nilimwambia shangazi kwamba ule uso ndio ushahidi wenyewe. Ndiyo rupia waliyodaiwa. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walidai kodi ya kibanda, rupia tatu kwa mwaka kwa vijijini, na sehemu kubwa ya watu wetu waliingia kwenye vibarua na mashamba ya Wazungu kutafuta hizo tatu. Mwenye ng'ombe na migomba na mpunga alikuwa tajiri, halafu siku moja akaambiwa ni mdaiwa, kwa sababu hana kipande chenye sura ya mtu wa Berlin.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ya shule niliyosoma. Kisha akasema, "Ushahidi wa nini, mwanangu? Wa kumpelekea nani? Sisi si tupo?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikaondoka na rupia, nikakaa nayo miezi miwili.

Jibu lilianzia Tabora. Nilikuwa naandika makala nyingine kabisa, ya reli ya kati, nikakutana na habari za sarafu zilizotengenezwa pale mwaka 1916. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, na Wajerumani wakaamua kujitengenezea wenyewe katika karakana ya reli. Walitoa heller 20 na heller 5 kwa shaba nyekundu na ya njano, na kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, wakatoa sarafu ya rupia 15, kama 16,000 hivi. Upande mmoja ina tai. Upande wa pili ina tembo mbele ya milima, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Septemba 19 mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, kiwanda kikawa kimekwisha kazi.

Wanaoandika habari za sarafu wanasema kalibu za ile ya dhahabu zilichongwa kwa mkono na sonara Msinhala, mtu wa kisiwa cha Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Kabla ya kujifunza kuchonga ningeipita tu. Sasa najua kazi iliyomo. Kalibu ni chuma cha pua, si shaba laini ya senti tano. Tena inachongwa kinyume: kinachoinuka kwenye sarafu lazima kizame kwenye kalibu. Ukitaka tembo atazame kulia, unamchonga akitazama kushoto. Maandishi yote yanakwenda kinyumenyume kama yanavyoonekana kwenye kioo. Mgongo wa tembo, ambao ukiupapasa kwenye sarafu ni kilima, kwa mchongaji ulikuwa shimo. Alichonga tembo mzima kwa kuondoa mahali ambapo tembo atakuwa.

Tembo yule ni mzuri. Anapendwa na watoza sarafu duniani kote, na wanataja Sekenke, wanataja Tabora, wanataja Kaisari. Kwenye sarafu yenyewe mchongaji hana hata herufi moja. T ni ya mji.

Nikaichukua rupia ya shangazi, nikaiweka chini ya lenzi na kumtazama Wilhelm kama mchongaji, si kama mwandishi. Kuchonga sarafu kuna kanuni moja isiyo na msamaha: unaweza kuondoa, huwezi kuongeza. Kwa hiyo unachotafuta ni wapi kuna nyama. Kwa yule Mhindi wa Marekani nyama ilikuwa kwenye nywele na manyoya, ndiyo maana wote waliishia kumvalisha kofia. Kwa Wilhelm nyama iko juu ya kichwa. Ile kofia, na yule tai aliyesimama juu yake. Fedha nyingi tu imeinuka pale.

Tai akikatwa mbawa na kichwa, anabaki furushi.

Kofia ikichorwa mistari inayopishana, inakuwa kata ya majani ya mgomba yaliyosokotwa, ile anayoweka mtu kichwani kabla ya kupandisha mzigo.

Nilichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi, nikampelekea shangazi. Aliangalia muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akauliza kama masharubu yataondoka. Nikasema ndiyo, masharubu ndiyo ya kwanza. Akauliza pua. Pua inaweza kupunguzwa ncha na kupanuliwa kidogo kwa kuchimba pembeni yake, mdomo unaweza kunenepeshwa kwa kushusha kidevu. "Na sikio mlionyeshe," akasema, "babu alikuwa na masikio makubwa, hata baba yako anayo." Nikamwambia shangazi, sikio limefunikwa na kofia, litabidi lichimbwe palepale kwenye chuma cha Mjerumani. "Basi lichimbe."

Fedha ya rupia ni karibu sehemu 92 kwa mia, na kwa mkono uliozoea senti tano ni kama kukata sabuni. Nilianza na masharubu jioni ya Jumamosi, kwa mzee wa masufuria, kwa sababu nilitaka awepo. Upande wa nyuma tumeuacha kama ulivyo: thamani, 1910, J ya Hamburg. Anayetaka ushahidi ataigeuza. Mabonde ya mizigo na nywele nitayapaka weusi wa kiini cha yai la kuchemsha. Fedha ukiifungia na yai kwenye mfuko kwa siku moja inageuka rangi yenyewe, kisha unasugua juu na weusi unabaki kwenye mifereji.

Kilichobaki ni maandishi. GUILELMUS yanatoka, hilo halina mjadala, na IMPERATOR vilevile. Mzee anasema pembeni pakishalainishwa patabaki nafasi ya herufi kumi au kumi na moja, za ukubwa wa kusomeka. Shangazi anataka jina la babu. Baba mdogo anasema liandikwe lile la ubatizo, shangazi hataki kulisikia, anataka lile aliloitwa na mama yake. Wamekaa vikao viwili. Mimi nanoa.